Usianze Upya Kila Asubuhi

Kazi za watu wengi siku hizi zinawataka wajue kinachoandikwa mtandaoni kuhusu jambo moja. Katibu wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, anataka bei ya korosho, mwandishi wa habari wa wilayani anataka kauli za wizara, mkandarasi mdogo anasubiri zabuni. Wengi wao hufanya hivi: asubuhi wanashika simu, wanaandika maneno mawili matatu kwenye Google, wanapitia majibu juu juu, wanafunga. Kesho yake wanaandika tena, safari hii maneno tofauti kidogo, na majibu yanakuja tofauti kidogo. Hawajui kama kuna jipya lililotokea au ni maneno yao tu yaliyobadilika. Muda unapotea, ndiyo, lakini hasara kubwa zaidi ni kwamba hawana kipimo: huwezi kusema “wiki hii kimya” kama wiki iliyopita uliuliza swali jingine.

Dawa yake ni kuandika swali mara moja, kwa utulivu, kulihifadhi ndani ya chombo cha kufuatilia habari, na kulitumia vilevile mpaka upate sababu ya kulirekebisha. Maneno unayoiandikia mashine nitayaita ulizo. Vyombo vya kuyahifadhi vipo vya kila aina. Google Alerts, iliyoanza mwaka 2003, ni ya bure na inakutumia matokeo mapya kwa barua pepe. Google Scholar ina arifa za namna hiyo kwa makala za kitaaluma, na watafiti wa afya wana PubMed, inayohifadhi ulizo na kulirudia kwa ratiba. Mtandao wa X nao unakuruhusu kuhifadhi maulizo kwenye akaunti yako. Mashirika yenye fedha hununua mifumo mikubwa zaidi. Kanuni zake hazitofautiani sana, kwa hiyo nitashika Google Alerts na korosho ya kusini mwa Tanzania kama mfano. Ukishaelewa hapo, unaweza kuhamisha maarifa hayo kwenye kahawa, mikopo ya elimu ya juu au ligi ya mpira.

Tuanze pale ushauri mwingi wa mtandaoni usipofika, nako ni kwenye Kiswahili chenyewe. Maelekezo mengi ya kutafuta yameandikwa kwa kufikiria lugha ambazo maneno yake hubadilika mwishoni. Ndiyo maana PubMed, kwa mfano, inakuruhusu kuandika mzizi wa neno kisha nyota, nayo ikakuletea miisho yote. Kiswahili hubadilika zaidi mwanzoni. Bei ikipanda, gazeti laweza kuandika imepanda, zimepanda, itapanda, ikipanda au kupanda, na nyota ya mwishoni haisaidii kitu. Kwenye Google nyota haikamilishi kipande cha neno hata kidogo. Inasimama mahali pa neno zima, moja au zaidi.

Kuna jingine ambalo msomaji wa magazeti yetu analijua bila kuambiwa. Vichwa vya habari vya Kiswahili vina sarufi yake. Mtaani tutasema bei imepanda, lakini mhariri ataandika “Bei ya korosho yapaa”, “Wakulima wagomea mnada”, “Serikali yatoa neno”. Ukihifadhi ulizo lenye “bei imepanda” ndani ya alama za kunukuu, utakuwa umeomba maneno hayo kama yalivyo, na vichwa vingi vya habari vitakupita pembeni. Kwa hiyo usiegemee vitenzi. Egemea nomino, tena zile ambazo umbo lake halibadiliki katika umoja na wingi: korosho, bei, zabuni, ajira, kahawa, pamba, barabara. Hizo ni mali. Neno moja linakutosha.

Nomino nyingine zinadai uziandike mara mbili au tatu. Mkulima na wakulima, mnada na minada, ghala na maghala, kiwanda na viwanda. Usisahau zenye -ni: mnadani, ghalani, sokoni. Mashine haina mazoea ya kukaa na Waswahili ikajua kwamba habari ya “mvutano mnadani” inahusu mnada. Unganisha maumbo hayo kwa OR yenye herufi kubwa: mnada OR minada OR mnadani. Ukiiandika kwa herufi ndogo, Google haitaihesabu kama amri. Na pale ambapo kiunganishi kinabadilika, bei ya korosho hapa na bei za korosho pale, ndipo nyota inapofaa: “bei * korosho” ndani ya alama za kunukuu inaacha nafasi ya neno lolote katikati, moja au zaidi, hata “elekezi ya”.

Ulizo lililohifadhiwa linafanya kazi kama dema la samaki: unalitega, unaondoka, unarudi kulipandisha, na ukubwa wa matundu umeshaamua nini utakikuta. Neno “korosho” peke yake ni dema la matundu madogo mno. Litakuletea mapishi, litakuletea orodha za faida za korosho kwa nguvu za kiume, litakuletea korosho ya Kilifi wakati wewe unataka ya Tandahimba. Hapo ndipo unapoongeza majina ya mahali na ya taasisi: Mtwara, Lindi, Ruvuma, Newala, Masasi, Liwale, na vyama vikuu vya ushirika kama TANECU, MAMCU na Runali, ambavyo wakulima wake huuza kwa mfumo wa stakabadhi ghalani kupitia minada ya soko la bidhaa la TMX. Ulizo la bei laweza kuwa hivi:

korosho (bei OR mnada OR minada OR mnadani) (Mtwara OR Lindi OR Ruvuma OR TANECU OR MAMCU OR Runali)

Halipendezi kutazama, lakini halikuandikwa ili lipendeze. Lisiwe refu kupita kiasi, maana Google haiangalii zaidi ya maneno 32. Yanayozidi yanapuuzwa.

Kuondoa takataka kuna alama ya kutoa, inayobandikwa kwenye neno bila nafasi. Itumie kwa hofu. Mtu akichoshwa na zile makala za afya hukimbilia kuandika -faida, na kwa pigo hilo moja amezifuta habari zote zinazosema wakulima wamepata faida au wamekosa faida. Bora uondoe kifungu kizima, -“faida za kula”, kuliko neno ambalo lina kazi mbili. Kabla ya kutoa neno lolote, jiulize ni habari gani nzuri inayoweza kulibeba.

Kinyume chake, yako maneno ya mtaani ambayo ni dhahabu kwa mtafutaji. Kangomba ni mojawapo. Ndilo jina la ule ununuzi wa kinyemela wa korosho nje ya mfumo rasmi, na halina matumizi mengine makubwa ya kuchafua majibu. Ulizo lenye neno hilo moja na jina la mkoa litakupa habari safi kuliko sentensi ndefu kuhusu “biashara haramu ya mazao”. Waulize walio shambani, ghalani na kwenye mizani wanasemaje, kisha weka maneno yao hayo hayo.

Swali moja, ulizo moja. Kuna kishawishi cha kutengeneza ulizo kubwa linalobeba bei, pembejeo, sera, magendo na masoko ya nje. Matokeo yake ni barua pepe moja ndefu isiyosomwa na mtu. Tenganisha. Ulizo la bei linasomwa kila siku katika miezi ya minada, ambayo kwa kawaida hufunguka Oktoba. Ulizo la pembejeo, salfa na viuatilifu, lina msimu wake mapema zaidi, wakati mikorosho inapopuliziwa. La sera laweza kusomwa mara moja kwa wiki, na hapo site:go.tz inasaidia, kwa sababu inaibana Google ibaki kwenye tovuti za serikali peke yake.

Na moja liwe la Kiingereza. Najua wapo watakaokunja uso, lakini sehemu kubwa ya korosho ghafi ya Tanzania huishia India na Vietnam, na mazungumzo ya wanunuzi huko hayafanyiki kwa Kiswahili. “raw cashew nut” pamoja na Vietnam OR India ni ulizo linalokuonyesha mapema kwa nini mnunuzi ameshusha ofa Newala. Wakulima wa mbaazi walilijua hilo kwa uchungu: India ilipoweka ukomo wa mbaazi zinazoingizwa nchini humo, Agosti 2017, bei ya Lindi na Mtwara iliporomoka. Aliyekuwa akifuatilia magazeti ya nyumbani tu alipata habari wakati gunia limeshakosa mtu.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuhifadhi, lijaribu. Watu huruka hatua hii, halafu wiki ya pili wanalaumu chombo. Fanya majaribio mawili. La kwanza: liendeshe kwenye Google ya kawaida, soma majibu ishirini ya mwanzo, na ukikuta zaidi ya nusu hayakuhusu, rudi ukaze. La pili ndilo muhimu zaidi na ndilo linalosahauliwa: chukua habari unayoijua, iliyowahi kutoka na iliyokuhusu kweli, uone kama ulizo lako lingeikamata. Tuseme unakumbuka Novemba 2018, Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi litaisomba. Ongeza after:2018-10-01 before:2018-12-31 mbele ya ulizo lako la bei. Ikiwa habari kubwa kama ile haionekani, kuna kitu umekibana mno. Pengine umedai neno mnada katika habari iliyoandikwa kwa sababu minada ilikuwa imegomewa.

Jaribio hilo linaonyesha pia faida nyingine ya ulizo lililotulia. Linaweza kuulizwa juu ya kesho na juu ya jana. Mwandishi akitumwa kuandika historia ya bei kwa miaka mitano hahitaji kubuni maneno mapya. Anabadilisha tarehe tu, na anajua kwamba kila mwaka umeulizwa kwa kipimo kilekile.

Kwenye mipangilio ya Google Alerts sitakaa sana. Lugha, chagua zote. Eneo, chagua popote, kwa sababu habari ya Mtwara yaweza kutoka idhaa ya Kiswahili ya Ujerumani au Uingereza. Kuhusu idadi ya matokeo, anza na yote kisha upunguze ukielemewa. Kuhusu muda, ile ya kutumiwa papo hapo inafaa kwa jambo la dharura tu. Kwa mengine, mara moja kwa siku. Simu inayolia kila saa huzoeleka, na arifa iliyozoeleka haisomwi. Ndani ya Gmail tengeneza lebo na kichujio ili barua hizo zikae mahali pake badala ya kujichanganya na za benki.

Kuna njia nyingine isiyohitaji akaunti ya chochote, nami naipenda kwa urahisi wake. Ukurasa wa majibu ya Google una anwani juu ya kivinjari, na ulizo lako lote limo ndani ya anwani hiyo. Ukiihifadhi kwenye kivinjari, umehifadhi ulizo. Ukiongeza &tbs=qdr:w mwishoni, unapata ya wiki moja iliyopita tu; weka d badala ya w upate ya siku moja, m upate ya mwezi. Unaweza kumtumia mwenzako anwani hiyo kwa WhatsApp, naye akifungua anauliza swali lilelile uliloliuliza wewe. Kwa mtu anayetaka kuangalia kwa hiari yake na kubana bando, hii yatosha.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko yote, na ambalo wauza mifumo hawalisemi. Usiliache ulizo lako ndani ya chombo peke yake. Chombo si chako. Google Reader, ambamo watu walikuwa wamepanga vyanzo vyao kwa miaka, ilifungwa Julai 2013. TweetDeck, iliyokuwa meza ya kazi ya waandishi wengi, iligeuzwa huduma ya kulipia mwaka 2023. CrowdTangle ya kampuni ya Meta, iliyotumiwa na vyumba vya habari na wachunguzi wa taarifa za uongo kufuatilia Facebook na Instagram, ilizimwa Agosti 2024, na waliokuwa wamehifadhi maulizo yao humo bila nakala walianza upya. Nyumbani pia: mfumo wa NeST ulipochukua nafasi ya TANePS katika ununuzi wa umma Tanzania mwaka 2023, njia za mkato ambazo wazabuni walizihifadhi kuelekea mfumo wa zamani zilibaki kuelekea mahali pasipokuwa na kazi.

Kwa hiyo uwe na daftari. Laweza kuwa jedwali la Excel, laweza kuwa daftari la karatasi mezani. Kwa kila ulizo andika jina lake, maneno yake kamili herufi kwa herufi, chombo lilikohifadhiwa, swali linalolijibu, nani anayesoma majibu yake, na tarehe ulipolikagua mara ya mwisho. Jina ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa kuwa Google Alerts haikupi nafasi ya kulibatiza ulizo. Inalionyesha kwa maneno yake yaleyale. Ukiwa na manane ya namna ya lile la juu, hutatofautisha lipi ni lipi. Kwenye daftari yaite kwa mpangilio mmoja: korosho-bei, korosho-pembejeo, korosho-nje, ufuta-bei. Majina kama “jipya2” hayatamsaidia mtu yeyote Oktoba ijayo, na mtu huyo ni wewe.

Ile safu ya “nani anasoma” ina kisa chake. Katika ofisi nyingi arifa hufunguliwa kwa barua pepe ya kijana mmoja anayeijua kompyuta. Akipata kazi Dodoma, anaondoka na masikio ya ofisi. Fungueni kwa barua pepe ya ofisi, na nenosiri liwe na watu wawili. Ukikosa jina la kuandika katika safu hiyo, lifute ulizo. Hakuna sababu ya kukusanya yasiyosomwa.

Unapoyanakili maneno hayo kwa simu, tazama simu yako inavyokusahihisha. Itageuza OR kuwa Or, itaweka nafasi baada ya nukta pacha ya site:, na itakuandikia neno la Kiingereza mahali pa la Kiswahili. Zima usahihishaji, au bandika kutoka kwenye daftari la kompyuta.

Yako mambo ambayo ulizo lako halitayaona kamwe, hata liandikwe vizuri namna gani. Halifiki kwenye makundi ya WhatsApp. Redio za mikoani hutangaza matokeo ya mnada kabla hayajaandikwa popote. Matangazo mengi ya halmashauri na vyama hutoka kama picha kwenye Instagram, na maneno yaliyo ndani ya picha hiyo Google Alerts haikuletei. Kwa hiyo kimya cha arifa kisitafsiriwe kwamba hakuna lililotokea. Piga simu ghalani. Na matumizi ya ulizo lako yawe kwa mambo ya umma, si kwa kumfuatilia jirani au mwenza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na hata pasipo sheria, kumtega mtu binafsi hivyo ni tabia mbaya. Jina lako mwenyewe au la chama chako, hilo lifuatilie bila wasiwasi.

Msimu ukifungwa, yakague yote kwa mkupuo. Soma barua za mwezi wa mwisho, uone lipi lilileta habari iliyowahi kubadilisha uamuzi wa mtu, lipi lilijaza kisanduku tu. Maneno mapya huzaliwa kila mwaka: mfumo mpya wa mnada, jina jipya la mradi, kifupisho kipya cha wizara. Ongeza hayo, punguza yaliyokufa, na andika tarehe. Google Alerts haina kitufe cha kusimamisha kwa muda, ina cha kurekebisha na cha kufuta, kwa hiyo hakikisha nakala iko kwenye daftari kabla hujafuta.

Kisha lichukue lile la bei, toa korosho, weka ufuta. Maumbo ya mnada ni yaleyale, mikoa ni karibu ileile, vyama vikuu havijabadilika. Kinachobadilika ni takataka unazoziondoa kwa alama ya kutoa, kwa sababu ufuta nao una mapishi yake na makala zake za nguvu za kiume. Ufuta ukiisha inakuja zamu ya mbaazi, na hapo usisahau kuambatanisha lile la Kiingereza lenye India.